Chokaa ya Bibi Unaysa

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti, kando ya mto Tigri, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Unaysa binti Harithi. Hakuwa na mali ila nyumba moja ya mtaa wa bondeni, wala hakuwa na haja duniani ila moja: kuizuru Nyumba Tukufu ya Makka kabla miguu haijamkatalia. Akaazimia kuiuza nyumba ile, thamani yake iwe masurufu ya Hija, na akirudi akaishi kwa binti yake. Msafara ulikuwa unajiandaa, naye alijawa na furaha hata usingizi ukamruka.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na kasoro yake. Mto ulipofurika uliingia majumbani bila hodi, na ulipoondoka uliacha alama ya tope ukutani. Amiri wa mji, kwa kuwahurumia watu, alikuwa ameamuru kwamba anunuaye nyumba iliyowahi kuingiwa na maji aijenge upya sehemu ya chini kwa matofali ya kuchoma kabla hajalaza mtu ndani. Amri ilikuwa njema, lakini iliziangusha bei. Basi watu wa Wasiti wakajitafutia dawa: kila kiangazi, msimu wa kuuza, walizipaka kuta chokaa nyeupe pe, na nyumba ya bondeni ikauzwa kwa bei ya nyumba ya mlimani. Desturi ikazoeleka mno hata hakuna aliyeiita udanganyifu. Waliiita kuipamba nyumba. Sisi wanadamu ni mafundi kwelikweli wa kuzipa dhambi zetu majina mazuri!

Abu Shimri, dalali wa mtaa, akamjia Bibi Unaysa na ndoo yake. "Mama, niachie mimi. Ikifika alasiri nyumba yako itang'aa kama bibi harusi." Naye bibi, akili yake imeshatangulia Makka, akaitikia bila kufikiri.

Kesho yake akaja mnunuzi, mfumaji mazulia aitwaye Mundhiri, pamoja na mkewe aliyebeba pacha wachanga. Bei ilimpendeza. Mkewe akatandika shuka chini, kando ya ukuta, akawalaza watoto. "Hapa ndipo watakapolala wanangu," akasema kwa furaha.

Bibi Unaysa moyo ukampasuka. Akaingia jikoni, akatoka na kisu, akaanza kuikwaruza chokaa ile mpya mpaka ikaonekana alama ya tope, kimo cha kifua cha mtu mzima. "Mwanangu," akamwambia yule mama, "maji yalifika hapa. Wainue wanao."

Abu Shimri akashika kichwa. "Mama, umeikwaruza Hija yako mwenyewe!"

"Nitasimamaje mbele ya Nyumba ya Mola wangu," akajibu, "kwa fedha niliyoipata kwa kuwaweka watoto hawa majini? Nitaitika 'Labbaika' kwa mdomo upi?"

Mundhiri akamshukuru, machozi yakimlengalenga, akaondoka na familia yake. Bibi Unaysa akajifungia ndani akalia, maana aliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Kisha akanawa uso, akasema, "Ewe Mola, safari nimeikosa, radhi Zako usininyime." Akasubiri.

Basi Mundhiri alipokwenda kununua nyuzi kwa watia rangi, alikisimulia kisa kile. Hakujua amekifikisha pahala pake. Muhtasibu, msimamizi wa masoko, alikuwa amewaamuru watia rangi waihame mitaa ya juu, kwa kuwa maji yao yaliviharibu visima vya watu, wakakae ukingoni mwa mto. Walikuwa wamezunguka bondeni kote wakitafuta nyumba, na kila walikopita kuta zilikuwa nyeupe, na kila muuzaji aliapa kwamba hajawahi kuona hata tone. Nao waliogopa: maji yakiingia katika pipa la nili, kazi ya mwaka mzima imekwenda.

Wakamjia Bibi Unaysa mbio, mikono yao ya buluu mpaka viwikoni. Sheikh wao, Haythami, akaipima ile alama kwa mkono wake, akacheka kwa furaha. "Mapipa tutayainua juu ya hapa. Na matofali ya kuchoma ndiyo tujengeayo siku zote." Akataja bei ya nyumba ya mlimani.

"Mwanangu, hii ni nyumba ya maji!" bibi akashangaa.

"Mama, mtaa mzima ni wa maji. Kwako tu ndiko tumeambiwa yanafika wapi."

Ikawa vigelegele mtaani! Siku ya msafara walitoka hata wasiomjua kumsindikiza, na mke wa Mundhiri akamwinulia pacha wake awaombee dua, naye bibi akacheka na kulia kwa pamoja juu ya ngamia. Abu Shimri hakuwahi kumuaga. Alikuwa nyumba ya tatu kutoka hapo, kisu mkononi, anakwangua chokaa na watia rangi wengine wamepanga foleni mlangoni.

Ndugu zangu, anunuaye nyumba hanunui kuta peke yake. Ananunua na usingizi wa watoto wake. Bibi yule alilijua hilo kwa kuwatazama wachanga wawili waliolala, nasi tumezaa na kulea na bado twahitaji kukumbushwa. Mola amrehemu, atujaalie kuuza kama alivyouza, na kusafiri kama alivyosafiri.