Mlango wa Kibanda cha Theluji

Zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kutembeleana kama sisi, theluji ya kule kileleni mwa mlima ilishuka mpaka uani kwa Nyati. Ilianguka siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne paa likalemewa. Kra, kra, pu! Nyumba ikalala chini.

Hakuna aliyeumia. Mama Tindo, mkewe Nyati, aliwatazama wote mmoja mmoja: mumewe, mama mkwe wake aliyekuwa kikongwe, mabinti zake wawili, Tindo ndama wa wiki mbili, na kanga wawili waliofugwa na mabinti. Wote wazima. Lakini upepo ulikuwa unakata kama kisu, na Tindo alitetemeka hata magoti yake yakagongana.

Ndipo akaja jirani yao Pimbi, yule mdogo aishiye kwenye mawe ya jirani. Alikuja tiki-tiki-tiki juu ya theluji, wala hakuzama. Akawapa pole, kisha akawaambia kwamba ukoo wake ulitoka juu kabisa mlimani, na huko walijifunza kuwa theluji ikirundikwa, ikakanyagwa sana na kuchimbwa ndani, huwa nyumba yenye joto. Nyati hakuamini. Lakini angefanya nini? Miti ya kujengea ilikuwa imefukiwa.

Basi wakaanza kazi. Nyati alisukuma theluji kwa kifua. Mabinti wakaikanyaga, ndi, ndi, ndi. Hata bibi kizee aliikanyaga kwa miguu yake iliyovimba. Kanga nao wakapanda juu ya rundo, wakateleza mpaka chini kwa makalio, na familia nzima ikacheka. Mama Tindo alicheka pia. Baadaye kicheko hicho kilimuuma kuliko baridi.

Rundo lilipofika kimo cha kichuguu kikubwa, Pimbi akasema kuchimba ndani ni kazi ya mikono midogo. Akaingia, akawa anatupa theluji nje. Mama Tindo akautazama ule mlango. Ulimtosha ndama, basi.

"Baba Pimbi," aliuliza, "sisi wengine tutapitaje hapa?"

"Mlango hupanuliwa mwisho, ukuta ukishakuwa mgumu," Pimbi akajibu. "Ukiupanua sasa, kila kitu kinaporomoka. Nileteeni maji."

Wakaleta maji kutoka kijitoni, wakamwagia kibanda chote. Maji yakaganda, kuta zikawa kama jiwe. Pimbi akashauri mtoto aingizwe kwanza, maana ndiye aliyezidiwa. Tindo akapenyezwa ndani, kanga wakamfuata, na muda si mrefu akaacha kutetemeka. Mama Tindo akamshukuru Pimbi kwa machozi.

Pimbi akageukia mawe yake, akapiga mluzi. Kutoka nyuma ya mawe walikokuwa wamejibanza wakatoka mkewe, watoto wake kumi na wanne, na mama yake aliyebebwa mgongoni. Wakaingia kibandani mmoja baada ya mwingine mpaka pakajaa.

Nyati alisubiri, kisha akauliza mlango utapanuliwa lini.

"Haupanuliki tena," Pimbi akasema akiwa ndani. "Umeshaganda. Ukipiga pembe, paa litamwangukia mwanao."

Nyati akainamisha kichwa, pembe zikaelekea ukutani. Mama Tindo akajitupa mbele yake. Nyati akamtazama, akashusha pumzi, akarudi nyuma.

Mlango ule ulielekea upepo. Kama kusingekuwa na wa kuukinga, baridi ingemfikia Tindo. Kwa hiyo wale wakubwa watano wakasimama mbele ya mlango bega kwa bega, wakawa ukuta. Tindo alipolia njaa, Mama Tindo alipiga magoti kwenye theluji, ndama akachomoa kichwa, akanyonya, akarudi kwenye joto. Mama Tindo aliwasikia watoto wa Pimbi wakicheka na kanga. Alichukia kicheko chao, na alikihitaji, kwa kuwa kilimwambia kuwa ndani bado kuna uhai.

Wakasimama hivyo siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu jua likatoka. Mabinti wakajinyoosha. Nyati akamwita mama yake waende kwenye mwanga, na bibi kizee hakuitika. Alikuwa amekufa hapo hapo kwenye mstari, ameegemea bega la mwanawe.

Familia ya Pimbi ikatoka, imeshiba usingizi, na Tindo nyuma yao akirukaruka. Pimbi alipomwona bibi kizee, akasimama, akatoa pole kwa heshima zote.

Mama Tindo akamkazia macho. "Ulijua kwamba tutasimama pale mlangoni?"

"Nilijua," Pimbi akasema. "Nina watoto kumi na wanne, Mama Tindo, na mama. Nyumba yangu ilifukiwa kabla ya yenu kuanguka. Ningewaomba mnijengee, mngekubali?"

Mama Tindo akautazama ua wake. Hawakuwahi hata kumkaribisha Pimbi uani kwao.

"Na mwanao yu hai," Pimbi akaongeza, akaondoka na watoto wake, tiki-tiki-tiki.

Nyati na mabinti wakaanza kuchimba kaburi. Mama Tindo akabaki amemkumbatia ndama wake, mwenye joto la nyumba ya watu wengine.

Hadithi imefika ukingoni, na funzo lake ni hili: ukifundishwa kujenga nyumba, kabla hujainama kufanya kazi, uliza mlango umepimwa kwa mwili wa nani.