Nani Aliifungulia Barafu?

Hapo zamani, baridi ilipokuwa bado na kwao duniani, palikuwa na mlima wenye barafu nene, na chini yake ziwa. Barafu ya mlimani haikutulia. Iliteremka polepole mno hadi ikafika ziwani, na ncha yake ikatandaa juu ya maji kama jamvi. Jamvi hilo lilielea, likabanwa na kingo huku na huku, na katikati likaegemea mwamba uliochomoza majini. Kwa kubanwa hivyo, liliizuia barafu ya nyuma isije mbio. Watu waliliita Gogo, maana lilifanya kazi ya gogo la mlango wa zizi.

Watu hao walikuwa na desturi moja, na msicheke: aliyemwondoa mwenzake kwake, naye huondoka kwake. Aliyeondolewa huweka kiganja kwenye mwimo wa mlango wa mkosaji, na nyumba inakuwa yake. Mkosaji hubeba watoto na vyombo, akavuka milima. Ardhi nyingine bondeni haikuwepo.

Ufukweni aliishi Kavira, mjane, pamoja na binti yake Kahambu aliyekuwa mja mzito. Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika.

Masika, mfinyanzi, alichoma vyungu vyake upande wa upepo, na masizi yakatua juu ya Gogo. Cheupe kilipogeuka cheusi, jua likapata pa kung'ata. Madimbwi yakasimama juu ya barafu, maji yakaingia kwenye nyufa, yakazipanua kwenda chini. Hata hivyo Gogo likashika, halikuvunjika.

Kasereka, mkulima, alikuwa na chemchemi ya maji moto iliyochemsha magimbi yake kabla hajayavuna. Akachimba mfereji, akaielekeza ziwani. Maji yake ya chumvi, mazito, yakazama, yakapita chini ya Gogo na kulilamba tumbo hadi likawa jembamba. Gogo bado likashika, kwa sababu ya ule mwamba.

Ndipo Kahambu akashikwa na uchungu. Mtoto amekaa vibaya, na mkunga yuko ng'ambo. Kavira akakimbia kwa Muhindo, mvushaji wa watu kwa mtumbwi.

"Mwanangu, niletee mkunga!"

"Mama, njia fupi imezibwa na barafu pale mwambani. Itabidi nizunguke."

"Ukizunguka utamkuta Kahambu maiti. Ipasue!"

Walikuwa wawili tu hapo gatini. Muhindo akachukua shoka, akapasua, akapita. Mkunga akafika, mtoto akatoka mzima, na Kavira akalia kwa furaha mpaka akaona haya.

Kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, Gogo lilivunjika vipande vipande. Barafu ya mlimani, isiyo na wa kuizuia tena, ikaja mbio na kuporomokea ziwani. Ziwa likapanda. Likameza nyumba ya Kavira, migomba yake na kaburi la mumewe. Kwa hasira akaenda kumshtakia Mwami, mtawala wa bonde.

Mwami akawaita watatu wale waseme.

Masika akasema, "Mwami, nililichafua juu, sikatai. Lakini nani hapa hapikii chungu changu? Na mimi nilipomaliza yangu, Gogo lilishika."

Kasereka akasema, "Nililipunguza chini, sikatai. Lakini juu lilikwisha pasuka, na bado lilishika. Aliyelibandua mwambani ni huyu mvushaji."

Muhindo akasema, "Jazeni chungu maji hadi ukingoni, donge la barafu likielea ndani. Liacheni liyeyuke. Je, maji yatamwagika? Hayamwagiki. Gogo lilikuwa majini tangu zamani. Kuvunjika kwake hakukuinua ziwa hata unene wa kidole. Iliyoliinua ni barafu ya mlimani, na mlimani mimi sijagusa."

"Loo!" akasema Kasereka. "Mtu afungue zizi, kisha aseme ng'ombe wametoka kwa miguu yao!"

Watu wakacheka. Muhindo hakucheka. Wala hakusema ni nani aliyemwambia apasue. Kavira alingoja aseme. 

"Haya, Mama Kahambu," akasema Mwami. "Weka kiganja chako."

Kavira akaondoka, na watu nyuma yake. Akafika kwa Masika, akasimama, akapita. Akafika kwa Kasereka, akasimama, akapita. Kwa Muhindo alimkuta mkewe ameshafunga vyombo, watoto wamemshika nguo. Mke yule akasogea kando kumpisha, akamwamkia kwa heshima.

Kavira akainua mkono. Alimwonea Muhindo huruma, na nyumba aliitaka. Vyote viwili vilimuuma sawasawa. Kahambu alikuwa nyuma yake, kichanga kikilia. Kavira akilitamka lile neno la gatini, "Ipasue," kosa litakuwa lake, na ni yeye atakayevuka milima na kichanga hicho. Akinyamaza, mmoja wa watatu atavuka.

Mkono uko juu, enyi mnaonisikiliza, na Mwami anangoja. Je, nani alistahili kuhama?