Zamu ya Alhamisi

Mama mmoja alikuwa na shamba la maharage mwisho kabisa wa mfereji, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamekwisha kupita kwa kila mtu. Jina lake Naetwe, na kitongoji chake kiliitwa Mteremkoni. Juu yake kulikuwa na vitongoji vingine kumi na tisa, na juu ya vyote kulikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu, linalokusanya maji ya mlima na kufunguliwa kila asubuhi kwa zamu. Mteremkoni walikuwa na zamu mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Kwa zamu hizo mbili walikula, walivaa na kusomesha watoto.

Zamu ziligawiwa na baraza la ndiva, ambako kila kitongoji kilipeleka mjumbe mmoja. Na baraza lilikuwa na desturi yake. Hoja ikisomwa, mwenyekiti aliwauliza wanaoafiki, nao wakaitikia ndiyo kwa pamoja. Kisha akawauliza wasioafiki, nao wakaitikia siyo. Mwenyekiti alitega sikio, akatangaza upande ulioshinda. Hakuna kichwa kilichohesabiwa wala jina lililoandikwa. Wazee walioanzisha desturi hiyo walikuwa na nia njema, hawakutaka mtu amnunie jirani yake kwa sababu ya maji. Haikuwapitia akilini kwamba ndani ya kelele ile mtu angeweza pia kujificha asionekane na waliomtuma.

Mteremkoni walimchagua Mrutu. Alikuwa mtu wa watu, hakosi msibani, na akiomba dua hata wenye mioyo migumu hulengwalengwa na machozi. Walimtuma jambo moja tu: zamu zetu zisiguswe. Kikao cha kwanza kilipokwisha, Jumatatu ilikuwa imechukuliwa, imepewa bustani mpya za mboga zilizochimbwa pembeni mwa ndiva na jamaa za wakubwa. Mrutu alirudi ameinamisha kichwa, akawaeleza kwamba amepinga mpaka koo limemkauka. Watu walimhurumia, wakamchinjia jogoo. Naetwe naye alimpa pole, tena pole ya kweli.

Lakini maharage hayaishi kwa pole. Majani yalipoanza kuwa manjano, Naetwe alifunga kanga kiunoni akapanda mlima kwenda kusikiliza kikao cha pili. Mlango wa baraza ulikuwa wazi kwa kila mtu, na nyuma kulikuwa na mabenchi ya wasikilizaji, yamejaa vumbi la miaka kwa kukosa wa kuyakalia. Alikaa. Hoja ya kwanza iliposomwa alisikia kelele tu, asiweze kujua ya nani ni ipi. Basi akatoka nje, akazunguka mpaka dirisha la ubavuni, akasimama hapo anapoweza kuuona uso wa Mrutu. Kuanzia hapo hakuisikiliza tena ile kelele. Alitazama ni wakati gani Mrutu anafungua kinywa, na akaandika kwenye daftari hoja kwa hoja. Hoja zilikuwa sita. Katika tano, Mrutu alifungua kinywa pamoja na wale wajumbe wa vitongoji vya juu. Mojawapo ya hizo tano ilikuwa ya kuikata Alhamisi ya Mteremkoni iwe nusu siku, nayo ikapita.

Jumapili, kwenye mkutano wa kitongoji, Mrutu alieleza tena jinsi alivyopinga. Naetwe alisimama akasoma daftari lake. Mrutu hakufoka. Alimwuliza kwa upole, akimwita dada, vipi kati ya sauti ishirini ameweza kuitambua ya mtu mmoja. Naetwe akajibu kwamba hakutambua sauti, ametazama mdomo, na watu wakacheka, maana kusafiri mlima mzima kwenda kutazama mdomo wa mume wa mtu ni habari ya kuchekesha. Mmoja akasema uchungu wa maharage umempanda kichwani. Iliuma. Aliumia zaidi kwa kicheko kile kuliko kwa mashina yaliyokauka, kwa sababu waliocheka ni watu aliowapelekea uji walipougua.

Alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Msiniamini mimi. Njooni mtazame wenyewe."

Nao wakaja. Wengine walikuja kwa hasira, wengine kwa umbeya tu, lakini siku ya kikao cha tatu watu sitini wa Mteremkoni walipanda mlima. Walifuta vumbi kwenye mabenchi, wakayajaza, waliobaki wakasimama madirishani pande zote mbili. Siku hiyo ililetwa hoja ya kuimaliza ile nusu ya Alhamisi. Mrutu aliangalia madirisha ya kushoto, akaangalia ya kulia, akajifuta jasho. Walipoulizwa wanaoafiki, alifumba kinywa kana kwamba kina maji. Walipoulizwa wasioafiki, alinguruma siyo mpaka mwenyekiti akashtuka kitini. Wajumbe wengine, ambao nao waliona haya mbele ya macho mengi kiasi kile, wakamfuata. Hoja ikaanguka, na kwa haya hiyo hiyo baraza likairudisha Alhamisi kuwa siku nzima.

Walishuka wakiimba. Walimbeba Mrutu mabegani, wala hakuna aliyekumbuka kumshukuru Naetwe. Ilimchoma kidogo, siwezi kuficha, lakini furaha ya maji ilikuwa kubwa kuliko kijiba hicho. Alichowaomba ni kitu kimoja: kila kikao, nyumba kumi ziende kwa zamu, mabenchi yasikae matupu tena. Waliitikia ndiyo wote kwa pamoja, kwa sauti iliyofika mbali. Hakuna aliyeuliza ni nyumba zipi zitaanza.

Wale wa juu si wajinga. Kikao cha nne walikipanga siku ya Alhamisi.

Asubuhi hiyo Naetwe alisimama kwenye njia panda, jembe begani na daftari kwenye mkoba. Njia moja ilikwenda barazani, nyingine shambani. Maharage yalikuwa yanatoa maua, na mkulima yeyote atakuambia kwamba ua likikosa maji wiki hiyo halifungi tena. Alitazama njia ya mlimani kwa muda, asione mtu. Akajiambia labda wameshatangulia. Akajiambia tulikuwa sitini, hawawezi kukosekana hata kumi. Akajiambia pia kwamba yeye ameshafanya sehemu yake, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimshawishi kuliko yote. Akashika njia ya shambani.

Huko aliwakuta wote. Kila mtu alikuwa kwenye tuta lake akielekeza maji, na kila mmoja alipoinua kichwa na kumwona mwenzake aliinama haraka, akaendelea kuchimba. Naetwe alifungua mkondo wake, maji yakaingia, akayasikia baridi miguuni, akafurahi, Mungu amsamehe, alifurahi. Aliwahi kumwagilia tuta la kwanza na la pili. Kwenye la tatu maji yalipungua, yakawa uzi, yakakatika. Jua lilikuwa halijafika hata utosini. Kutoka tuta hadi tuta watu walisimama na majembe mikononi, wakitazama mfereji.

Jioni Mrutu alishuka, kichwa kimeinama. Aliwaambia kwamba hoja imepita, kwamba Alhamisi imekwenda kwenye bustani za juu kuanzia leo hii, na kwamba yeye amepinga mpaka koo limemkauka. Naetwe alitoa daftari, akaandika tarehe na hoja. Kisha akainua uso na kumwuliza mbele ya wote alifungua kinywa wakati gani, kwenye ndiyo au kwenye siyo.

Mrutu hakukasirika. Aliwatazama mmoja mmoja, miguu yao bado ina tope, akasema, "Dada Naetwe, muulize aliyekuwepo."

Naetwe aligeuka kuwatazama wenzake, na wote walikuwa wanatazama chini. Akabaki na kalamu mkononi, hana cha kuandika.

Mimi ninayewasimulia sijui Mrutu alisema nini siku ile, wala sitawadanganya. Huenda aliwauza kama zamani. Huenda kweli alipinga, peke yake, mbele ya mabenchi matupu. Ninachojua ni kwamba msimu ule Mteremkoni hawakuvuna, na ninyi mmekula na mmelala salama katika vitongoji vyenu, mkinung'unika kila mtu kwa jirani yake juu ya mjumbe wenu. Basi nijibuni: aliyeyafunga maji ya Mteremkoni ni yule aliyekuwa barazani, au ni wale sitini waliokuwa shambani?