Hina ya Punda wa Sultani

Hapo zamani za masultani, katika mji wa Kivumoni, palikuwa na tajiri aitwaye Sarahani, na kazi yake kukopesha watu kwa rehani. Mtu akishikwa na shida humpelekea bangili au mkufu, akapewa pesa, na akilipa hurudishiwa chake. Lakini Sarahani akazua jambo. Kila aliyekuja kukomboa kitu aliambiwa, "Nimekisafisha kilipokuwa kwangu. Lipa na ada ya kusafisha." Asiyekuwa nayo aliondoka mikono mitupu, na kitu kikawa cha Sarahani.

Basi yakamfika Bi Mize, mjane muuza vitumbua. Bangili zake za fedha alizoziweka rehani aliachiwa na mamaye, naye alitaka kumvika binti yake siku ya harusi. Alilipa deni lote, akaambiwa ada imezidi hilo deni. Akaenda kushtaki kwa Sultani, akisindikizwa na jirani yake Ngwali, mtu asiye na kitu ila kanzu moja na maneno mengi, ambaye mji mzima ulimwita mpumbavu.

Sarahani akaitwa, akajitetea. "Seyyid wangu, nilisafisha, naye hakunikataza. Asiyekataa amekubali."

"Umesema haki," akajibu Sultani.

Ngwali akasogea mbele. "Bwana wangu, yuko mtu aliyenyamaza wala asiwe amekubali."

Sultani akachukia. "Niletee mtu huyo. Ijumaa ikipita hujamleta, utahama mji huu."

Wakarudi nyumbani, Bi Mize akilia kwa kuwa amemponza jirani yake. Ngwali akamwambia, "Nyamaza, Bi Mize. Wewe nipe tu ile hina ya bi harusi."

Ikawa Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri Sultani amekula pilau, akajilaza, dirisha li wazi. Ngwali akaja chini ya dirisha, akanong'ona, "Seyyid, nimpake punda wako hina?" Kimya. Akawaendea watumishi wa zizini, akawaambia, "Nimemwuliza Sultani wala hakukataa." Nao wakampisha. Punda huyo alikuwa mweupe kama pamba, na Sultani alimpenda mno. Hata ilipofika alasiri alikuwa rangi ya papai bivu, masikio hata kwato.

Sultani alipotoka akapigwa na butwaa. Watu barazani wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka.

"Nani aliyefanya haya?"

"Ni mimi, Bwana wangu, na ada yangu dinari kumi. Usipolipa, punda atakaa kwangu, na kila siku nitamwongeza hina, na ada nayo itaongezeka."

"Nani aliyekutuma?"

"Nilikuomba ruhusa, ukanyamaza."

"Nalikuwa nimelala, ewe mpumbavu. Ningekataaje jambo nisilolijua?"

Ngwali akapiga goti. "Basi mtu mwenyewe ndiwe, Bwana wangu. Uliniagiza nimlete aliyenyamaza wala hakukubali. Bi Mize naye alikuwa kwake akikaanga vitumbua, bangili zikisafishwa kwa Sarahani. Angekataaje?"

Sultani akamtazama Ngwali, akamtazama punda, kisha akacheka hata kilemba kikalegea. Alipotulia akasema, "Nilihukumu vibaya." Akaamuru Sarahani aitwe, arudishe kila ada aliyoitoza na kila kitu alichokizuia kwa ajili ya ada hiyo, na mpiga mbiu apite mitaani kuwaita wenye haki zao.

Sarahani akaja, akasikia hukumu, akanung'unika. "Seyyid, kurudisha kote huko ni kazi. Ada ya kurudisha atanilipa nani?"

Sultani akazitazama ndevu za Sarahani, nyeupe, ndefu hata kifuani. Kisha akamgeukia Ngwali.

"Hina imebaki?"

"Imebaki kidogo, Bwana wangu. Yatosha."

Sarahani akazishika ndevu zake kwa mikono miwili, akaenda mbio kufungua sanduku. Ngwali akapewa kanzu mpya na dinari zake kumi, na binti wa Bi Mize akaolewa bangili zikilia mikononi. Aliyenisimulia haya alikula harusini, nami nimewapa kama nilivyopewa.