Konzi Tatu za Udongo kwa Amiri Shekue

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye njaa. Sogeeni motoni, nyie wa nyuma, maana hii siisemi mara mbili.

Zamani hizo, ndege walipokuwa wakizungumza na watu, palikuwa na mji juu ya genge, na chini ya genge bahari. Mkuu wa majeshi wa mji huo aliitwa Amiri Shekue. Maharamia walipokuja, Amiri alishuka na mashua za vita, akawapiga, akawapiga, akawapiga mpaka wakaomba njia. Lakini wakati wa kurudi dhoruba ikaipindua mashua yake, na Amiri hakuonekana tena.

Shakwe, ndege wa baharini, ndiye aliyeleta habari. Alitua uani kwa Amiri, akamwambia binti yake, Mwanakombo, "Nimeona kwa macho yangu. Baba yako aliwasukuma askari wake kwenye mashua nyingine, yeye akabaki, maji yakamchukua."

Mama akalia, Mwanakombo akalia, mji mzima ukalia. Mfalme peke yake hakulia. Alikuwa na kijicho, mfalme yule. Kila alipopita aliwasikia watu wanamsifu Amiri, na hilo lilimkereketa rohoni. Akamtuma mpiga mbiu: "Asiye na kaburi hakufa. Shekue katoroka vita, na ni marufuku kumzika. Mke wa mtoro hakai eda. Mwezi ukiandama, mkewe na bintiye wahame mji."

Mwanakombo aliposikia, damu ilimchemka. Katika mji ule, mtu akizikwa, kila mzikaji hutupa konzi tatu za udongo kaburini, na kwa konzi hizo anasema mbele ya watu: huyu alikuwa mwenzetu. Baba yake hakupata hata moja.

"Mama, nipe kikapu," akasema.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Mfalme kakataza."

"Nakwenda kumzika baba."

Akachota udongo uani, akapanda hadi ukingo wa juu kabisa wa genge, mahali bahari inapoonekana yote. Akatupa konzi moja ardhini, akatupa ya pili, akatupa ya tatu. Kunguru, mbea wa mfalme, alikuwa juu ya paa anatazama. Huyoo mpaka ikulu. Askari wakaja, wakaupiga udongo mateke, ukaenda na upepo.

Siku ya pili Mwanakombo akarudi na kikapu. Konzi moja, ya pili, ya tatu. Kunguru huyoo mpaka ikulu. Askari wakaja, lakini safari hii walipiga mateke huku wanatazama pembeni, maana baadhi yao ndio wale waliosukumwa na Amiri kwenye mashua.

"Wewe binti hujachoka?" Kunguru akamuuliza.

"Nichoke, nimefanya nini? Mwambie bwana wako kesho nipo."

Siku ya tatu hakuwa peke yake. Mama yake alikuja na konzi zake. Akaja mchoma mikate, akaja mchunga mbuzi, wakaja wanawake na udongo kwenye pindo za nguo. Wale askari nao wakaweka mikuki chini, wakatupa zao. Tuta likafika magotini, likafika kiunoni, likafika kifuani. Mwanakombo akasimama juu yake.

Kunguru huyoo mpaka ikulu, na mfalme huyoo mpaka gengeni, kilemba kimelegea.

"Shuka," akasema mfalme.

"Sishuki."

"Nimesema shuka. Hapo hapana mtu."

"Kama hapana mtu, mbio zote hizo unamwogopa nani?"

Watu wakacheka. Hasira zikampanda mfalme, hasira za mtu asiyezoea kuchekwa. Akawaambia askari, "Mshusheni." Hakusogea hata mmoja. Basi mfalme mwenyewe akainama, akachota udongo, akamrushia Mwanakombo. Akachota tena, akamrushia. Akachota tena, akamrushia. Udongo ukampiga kifuani, ukaporomoka mpaka miguuni, ukatulia juu ya tuta.

Mwanakombo hakujipangusa. Watu wakatazamana. Ndipo mama yake akasema taratibu, "Ahsante, mfalme. Umemzika mume wangu."

Mfalme akatazama mikono yake, ilivyojaa udongo. "Sikumzika," akasema.

"Konzi tatu," akajibu askari mmoja. "Tumeona sote."

Na mfalme haziki mtoro. Hilo kila mtu alilijua, hata Kunguru, aliyejifanya anajikuna ubawa. Mfalme akafungua kinywa aamuru tuta livunjwe, akakifunga. Nani angevunja kaburi lililotiwa udongo na mfalme? Akageuka, akateremka peke yake.

Mama mtu akarudi nyumbani kwake kukaa eda. Mwanakombo akabaki pale juu, akapaza sauti ikasikika mpaka sokoni: "Baba yangu ni Amiri Shekue. Hakukimbia. Anayesema alikimbia, aje aniambie hapa."

Hakwenda mtu.

Na mimi hadithi yangu nimeikomesha hapo. Mwenye ubishi apande gengeni mwenyewe akamuulize.