Tanuru Lililochelewa Kuzibwa

"Mtu akishapewa ruhusa hospitali, amepona," Otmari alisema. "Huyu anajilegeza tu, shemeji, nawe unambembeleza."

Edigna akamjibu kwamba ruhusa humtoa mtu kitandani, haimrudishi alivyokuwa. Walikuwa wakivutana hivyo tangu asubuhi uani kwa Edigna, na chini kati yao lilikuwepo tofali moja lililopinda, jeusi kama tako la sufuria. Wendelini, mume wa Edigna na mdogo wake Otmari, alikaa pembeni akifunga kamba ya kiatu, akiifungua, akiifunga tena.

Otmari alikuwa mchoma matofali, na bonde zima hakuna aliyemfikia. Moto kila mtu anaweza kuuwasha. Kazi ni kuijua saa ya kuiziba midomo ya tanuru. Ukichelewa, matofali hupinda na kushikana, na hakuna maji yatakayoyarudisha kuwa udongo. Ujuzi huo alimfundisha mdogo wake mpaka yeye mwenyewe akaweza kumwachia tanuru na kusafiri siku mbili bila wasiwasi.

Siku Wendelini alipoanguka kwa kifafa, Edigna alikuwa ndiyo kwanza ameinjika maharage. Alisikia kishindo, akatoka mbio, na Otmari akamzuia kwa mkono. Kwao aliyeanguka haguswi. Wazee walisema povu lake huambukiza, na anayemshika huurithi ugonjwa. Otmari akamzungushia ndugu yake duara la majivu ili mtu asimkaribie, akasimama nje yake akiomba. Majirani wakamsifu kwa moyo wake. Mwili ulitikisika, ukatulia kidogo, ukatikisika tena. Edigna alililia baiskeli wampeleke hospitali. Akaambiwa angoje kifafa kitulie. Otmari aliiona midomo ya ndugu yake ikigeuka rangi, na mkono wake ukataka kufanya upesi kile unachokifanya mbele ya tanuru. Akauzuia. Maharage yaliiva, yakakaukiwa maji, yakaungua, ndipo alipovuka majivu.

Wiki ya tatu Wendelini alirudi kutoka hospitali kwa miguu yake, na watu wakampigia vigelegele. Mwezi uliofuata hakuna aliyekuja kuuliza. Hawakumwona akimwita mwanawe kwa jina la marehemu baba yake, wala akisimama njiani na ndoo, hajui alikuwa akienda kisimani au akitoka. Daktari alikuwa ameagiza ameze dawa kila siku, na kila mwezi aletwe kliniki na mtu mwenye nguvu, kwa kuwa kifafa kingeweza kurudi. Edigna alimwomba shemeji yake. Otmari akasema dawa ni za wagonjwa. Tena, ili watu wote waone kwamba mdogo wake ni mzima, akamkabidhi tanuru la matofali elfu nane, kama zamani. Wendelini aliketi mbele ya moto, akautazama vizuri sana, na hakukumbuka kuiziba midomo ya tanuru.

Sasa Otmari alikuwa amekuja na tofali lake. Alisema Wendelini asikanyage tena tanuruni. Apelekwe kwa shangazi yao mlimani, huko hakuna kazi ya kuharibu, na Edigna abaki na watoto. Alisema hayo mbele ya Wendelini kana kwamba anazungumzia mbuzi, na Wendelini akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyokubali kila kitu siku hizi.

Edigna aliinama akaliokota lile tofali, akampa shemeji yake mikononi. Akamwinua mumewe, akamfunga kamba ya kiatu, akamshika mkono kumwingiza ndani. Mlangoni akageuka.

"Shemeji, tofali unaijua dakika linapoharibika. Siku ile, nje ya majivu, ulikuwa unamngoja ndugu yako aive?"