Watoto Watano wa Phares

Mtaani Jericho, miaka ya sabini ikiyoyoma, mwanamke hakuwa na jina mpaka azae. Huyu aliitwa Mama Odongo, yule Mama Ndindi, hata muuza makaa aliyegombana na kila mtu alikuwa mama wa fulani. Kezia peke yake ndiye aliyebaki Kezia, na kila alipoitwa hivyo mferejini, Phares mumewe alihisi ametukanwa yeye.

Phares alikuwa karani wa reli, mtanashati ambaye ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye mng'ao wa viatu vyake. Mwaka wa nne wa ndoa ulipoingia bila dalili ya mimba, shaka ilihamia nyumbani kwao kama mgeni asiyejua kuaga. Alipekua mkoba wa Kezia akitafuta vidonge vya kuzuia mimba. Alinusa kikombe cha mkewe akitafuta harufu ya dawa. Hakupata kitu, na mtu atafutaye kosa asilipate ndipo huzidi kushuku.

Moyoni, hata hivyo, alijua pa kupekua. Kabla ya kuoa alishikwa na kisonono. Kwa kuona haya kwenda hospitali, alinunua vidonge vya rangi mbili kwa mchuuzi wa sokoni, akavimeza mpaka maumivu yakatulia, akaviacha, akafunga ndoa. Siri hiyo akaikalia kama kuku anayeatamia mayai viza.

Kezia alipokwenda kliniki, aliambiwa mumewe naye apimwe. Phares akamwendea rafiki yake Dishon, fundi wa viatu na baba wa watoto watano, akamsihi akapimwe kwa jina lake. Dishon alimcheka, akamwambia kuwa watu hutuma wenzao dukani, si huko. Lakini akaenda, kifua mbele.

Majibu yalikuwa mazuri kupindukia. Phares akamtangazia mama yake, naye mama mtu akaanza kuulizia habari za mke wa pili. Kezia hakubishana. Alirudi kliniki kujisikilizia mwenyewe.

Jioni aliweka chai mezani, asiketi.

"Phares, watoto wako wako wapi?"

"Watoto gani tena?"

"Wale watano. Nesi amenipa hongera. Anasema uliulizwa kama una mtoto, ukajibu unao watano, kifungua mimba yuko darasa la sita. Mama yao ni nani?"

Dishon huyo! Ukimgusia habari za watoto wake, hata akili humtoka. Phares akajaribu kucheka.

"Kesho narudi kwetu," Kezia akasema. "Nimechoka kulishwa shaka."

Basi Phares akasema yote: kisonono, mchuuzi, Dishon. Kezia hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Na kikombe ukanusa changu?"

Siku iliyofuata walikwenda kliniki pamoja, wote wawili wakapimwa na Kezia akapigwa picha ya kizazi. Daktari akawaeleza kwamba ugonjwa ule haukupona, ulinyamaza tu. Phares alikuwa amemwambukiza mkewe, nao ukamla ndani kwa ndani bila maumivu ya kumshtua, ukaacha makovu yaliyoziba mirija ya uzazi. Dawa zingeua ugonjwa. Makovu yangebaki.

"Mngekuja mwaka ule mlipooana, matibabu yangetosha," daktari akasema. "Sasa sina la kuwaahidi."

Walitoka nje, Phares akitembea nyuma kama aliyepoteza kitu barabarani. Langoni Kezia akageuka.

"Ulimwonea daktari haya, ukamtuma Dishon. Haya, nenda ukamwombe Dishon mtoto pia."

Jibu la Phares wahenga walikuwa wameshalitoa zamani, kabla yeye mwenyewe hajazaliwa: mficha uchi hazai.